Nakimbia, nabana chakula, njaa ya usiku inanimaliza na mizani imegoma. Naombeni ushauri

Mwali_wa_Mbezi

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, kilo 82, urefu sentimita 163. Nimejiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, ile ya Moshi, nikasema humohumo nipunguze mwili nifike 70. Nakimbia siku nne kwa wiki na klabu ya jogingi ya mtaani, saa kumi na moja alfajiri, kilomita nane hadi kumi. Jumapili tunakwenda mbali zaidi. Jioni mara mbili napita jimu kunyanyua vyuma.

Chakula nimekibana haswa. Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Mchana kachumbari na yai moja la kuchemsha. Wali, ugali na chapati nimevipiga marufuku. Shida inaanza saa kumi jioni. Nikiwa kituoni nasubiri mwendokasi, harufu ya mahindi ya kuchoma inanitoa machozi. Nikifika nyumbani naonja kijiko kimoja cha wali wa watoto, nikija kushtuka sufuria imeisha, mkate umeisha, na karanga za kesho nazo zimeisha. Saa nne usiku bado nazunguka jikoni.

Mwanzoni nilishuka kilo tatu na ushee harakaharaka, tangu hapo mizani imegoma. Mume wangu anasema sina nidhamu. Kuna namna ya kuizima hii njaa? Nasikia kuna dawa zinauzwa mtaani za kukata hamu ya kula. Aliyewahi kuzitumia anisaidie.

Kiporo_Sugu

Dada, karanga za kesho zilikukosea nini 😂 Nimevuta kigoda, nasubiri wataalamu.

Mzee_wa_Nyama

Wanga ndio adui. Acha kabisa, hata hako kawali ka watoto. Kula nyama, mayai, parachichi, mboga za majani. Kitambi changu kiliondoka hivyo, na njaa utaisahau.

Kocha_Kigamboni

Mzee wa Nyama, ulipokuwa unaondoa kitambi ulikuwa unakimbia kilomita kumi alfajiri? Kama hukuwa unakimbia, basi ushauri wako ni wa mtu mwingine. Asiyekimbia anaweza kuishi bila wanga na asione tofauti. Anayejiandaa kwa kilomita 21 akifanya hivyo miguu inakuwa mizito kama ya kuazima.

Mleta mada, nidhamu unayo, tena imezidi. Tupige hesabu. Kukimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 82 kwa kilomita nane ni kama kalori 650. Ukilala kitandani kutwa bila kuinua hata kidole, mwili wako bado unatumia kama 1,500. Weka juu yake kazi, watoto, kusimama vituoni, na siku ya kukimbia unafika 2,400 au unapita. Sasa mpaka saa kumi jioni umeingiza nini? Chai ya rangi haina kitu. Kachumbari na yai havifiki 200. Mwili umekukopesha tangu alfajiri, usiku unakuja kudai na riba.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mazoezi makali hupunguza hamu ya kula kwa muda. Unatoka kukimbia saa moja asubuhi, tumbo limetulia, unajiona umeishinda njaa. Ghrelini, homoni inayoamsha njaa, imeshuka kidogo tu na itarudi. Kwa hiyo usingoje njaa ndipo ule. Ukimaliza kuoga, kunywa uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa pamoja na mayai mawili, au viazi vitamu kama uji umekuchosha. Mchana kula ugali wa dona saizi ya ngumi yako, kikombe cha maharage, dagaa wa kutosha, na mchicha au matembele kwa wingi maana ndiyo yanayojaza tumbo. Halafu saa kumi, KABLA hujatoka kazini, bilauri ya mtindi na ndizi moja. Hiki cha saa kumi usikidharau, ndicho kinachookoa ile sufuria. Usiku samaki au kuku, mboga, na wali ukitaka, ila upakue kwenye sahani. Usile kwenye sufuria umesimama.

Protini lenga gramu 100 hadi 110 kwa siku. Yai lina kama 6, bilauri ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, dagaa wakavu gramu 30 wana kama 18, kipande cha samaki cha gramu 150 hakikosi 35. Protini na nyuzinyuzi za maharage hukaa tumboni muda mrefu, na protini inalinda misuli unayoijenga jimu isiliwe.

Mahali pa kupunguza ni kwenye mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120, na wapishi wetu humimina bila kupima. Soda moja ya chupa ina kama 150. Sahani ya chipsi mayai sitaki hata kuitaja. Ukipungukiwa kalori 500 kwa siku unashuka karibu nusu kilo kwa wiki, na hiyo inatosha. Anayekuahidi kilo tano kwa wiki anakuuzia maji. Hata zile tatu zako za mwanzo nyingi zilikuwa maji: wanga unaohifadhiwa kwenye misuli hushika maji karibu mara tatu ya uzito wake, ukiuacha ghafla maji yanatoka, ukila wali wa sufuria nzima yanarudi. Nunua futikamba ya fundi cherehani ujipime kiuno.

Mzee_wa_Nyama

Kocha, Wahadzabe wanawinda na kutembea kutwa nzima. Umewahi kumwona Mhadzabe mwenye kitambi? Wao wanakula ugali wa ngumi?

Mdau_Karatu

Hapo kwa Wahadzabe umejifunga mwenyewe mzee wangu. Asali, mizizi na ubuyu ni sehemu kubwa ya chakula chao, na vyote hivyo ni wanga na sukari. Halafu mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa Wahadzabe wa huku Ziwa Eyasi. Walipima nguvu ambayo mwili unatumia kwa siku nzima. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe anayetembea porini alikuwa hatofautiani na Mmarekani anayekaa ofisini. Maelezo yao ni kwamba mwili ukifanya kazi nyingi huanza kubana matumizi upande mwingine. Kwa hiyo mleta mada usitegemee kwamba ukiongeza kilomita utapungua kwa kiwango hichohicho. Kimbia kwa ajili ya moyo na Moshi, uzito utaushughulikia kwenye sahani.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu, kuna swali hapa hawa wanaume hawajakuuliza. Siku zako zinakuja?

Mwali_wa_Mbezi

Shikamoo mama. Sijaziona mwezi uliopita, na huu unaisha. Mimba nimepima, hamna. Nilijua ni uchovu. Na nikipanda ngazi za ofisini kichwa kinazunguka, hilo nililiona dogo nikaliacha.

Nesi_Mstaafu

Marahaba. Si dogo. Mwili ukikosa nguvu ya kutosha kwa muda, unafunga kwanza vile visivyo vya lazima leo, na uzazi ni kimojawapo. Huko kwenye michezo tatizo hili linajulikana; mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitolea tamko. Wengi wanadhani linawapata wakimbiaji wembamba tu. Hata mwenye mwili mkubwa akijinyima sana huku anajitesa na mazoezi linaweza kumpata. Hedhi zikikatika muda mrefu mifupa nayo inadhoofika, na mkimbiaji anaanza kuvunjika mifupa ya mguu bila kuanguka.

Lakini inaweza kuwa jambo jingine kabisa, kama tezi ya shingo au ovari, kwa hiyo hapa hatukutibu kwa maandishi. Wiki hii nenda hospitali. Mwambie daktari unakimbia kiasi gani na unakula nini, usimfiche. Wapime wingi wa damu pia, hicho kizunguzungu sikipendi. Chai usinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Iache hata saa moja, na kwenye mchicha kamulia limao.

Hizo dawa za mtaani achana nazo. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito mpaka 2010, Ulaya na Marekani zikaiondoa sokoni kwa sababu ya hatari kwa moyo. Baada ya hapo imekuwa ikikutwa imechanganywa kimyakimya kwenye vidonge na chai za kupunguza mwili zinazoitwa za asili. Wewe moyo unauhitaji Moshi.

Na mumeo mwambie nidhamu yako sisi tumeikubali. Akupikie huo uji.

Mbio_Iten

Niongeze kutoka huku Kenya. Hapa Iten ukienda kwenye kambi za wakimbiaji utakuta ugali, sukuma, maharagwe, na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha mara tu baada ya mazoezi ya asubuhi. Utafiti mmoja wa 2004 ulifuatilia wakimbiaji wa Kikalenjin, na wanga ulikuwa zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyoipata kwenye chakula. Usiige kiasi chao, wale wanakimbia mara mbili kwa siku. Iga mpangilio: wanarudi, wanakunywa chai, wanakula, wanalala. Usingizi umeutaja wapi dadangu? Unalala saa ngapi ndio uamke kukimbia saa kumi na moja?

Mwali_wa_Mbezi

Saa sita usiku kaka, wakati mwingine imepita. Vyombo, watoto, simu.

Mbio_Iten

Basi hiyo simu ndiyo inakupikia njaa. Usingizi ukipungua ghrelini inapanda na leptini, ile inayokuambia umeshiba, inashuka. Siku uliyopata usingizi wa masaa manne tu ruka jogingi ulale. Hakuna atakayekuja kukufukuza.

Kiporo_Sugu

Hatimaye ushauri ninaouweza.

Mwali_wa_Mbezi

Nimerudi wakuu. Hospitali nimekwenda: damu iko chini, nimepewa vidonge vya kuongeza damu, na vipimo vya tezi nasubiri majibu. Daktari kasema nipunguze kukimbia ziwe siku tatu na nile. Uji nakunywa, mtindi wa saa kumi nakunywa. Jana usiku nilikula sahani moja nikashangaa nimeshiba, sikuamini, nikabaki naikodolea macho sufuria. Mizani sijaipanda. Swali: daktari akiniruhusu kurudi kwenye mbio ndefu za Jumapili, nile kabla au nitoke tumbo tupu? Wenzangu wanasema tumbo tupu ndilo linachoma mafuta.

Kocha_Kigamboni

Kula. Linachoma mafuta kidogo zaidi saa hiyo, na mwili unafidia baadaye, mwisho wa siku hesabu ni ileile. Ndizi mbili na chai yenye sukari dakika arobaini kabla zinatosha. Mkipita saa moja na nusu barabarani beba maji na tende tatu nne mfukoni. Na ukishapona, kilima cha Mweka usikutane nacho mara ya kwanza siku ya mbio. Barabara ya Mbezi Beach ni tambarare, nenda Pugu ukazoeshe mapaja.

Mzee_wa_Nyama

Tende ni sukari tupu jamani.