Mjadala: Je, ni sawa kumfundisha mbwa wa kuashiria ndege Malindi, ilhali uwindaji umekatazwa?

Mwanzisha mada, Malindi

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu hamjambo. Naleta swali lililonigombanisha na jirani yangu, mzee ninayemheshimu, na kwa ridhaa yake nalieleza hapa. Ninatunza mbwa wawili wa aina ya Bracco Italiano, mali ya Mwitaliano mstaafu, na kila alfajiri huwafundisha kazi ambayo asili yao imeumbiwa: kumtafuta ndege wa nyikani kwa harufu, kisha kusimama kimya, mkia umekakamaa, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, pua ikielekea pale ndege alipojificha, bila ya kumrukia. Huko Ulaya na Marekani mbwa wa namna hii humtangulia mwenye bunduki. Jirani yangu anasema ninalea jangili wa miguu minne. Mimi nasema anayesimama si anayeua.

Kazi yenyewe huenda hivi. Njiwa wa kufugwa huwekwa ndani ya kizimba kidogo chenye mlango wa kuvutwa kwa kamba, nacho hufichwa nyasini. Mbwa, akiwa na kamba ya mita kumi shingoni, huletwa akiwa ameelekea upepo, na kwa hivyo wakati wa kusi huanzia kaskazini mwa shamba tukashuka kusini. Akisimama, mimi hunyamaza. Akisogea hata hatua moja kumnyatia, nafungua mlango, njiwa anaruka na kurudi bandani kwake. Mbwa hapigwi wala hakemewi, kwa kuwa ndege mwenyewe ndiye anayemfahamisha kwamba kunyatia ni hasara. Mwanzoni nilikuwa nikimshika njiwa kwa mikono mitupu, na baada ya wiki mbili nikagundua kuwa mbwa alikuwa amejifunza harufu ya jasho langu: alisimama kwa madaha mbele ya kizimba kitupu nilichokishika dakika chache kabla. Tangu siku hiyo navaa glavu.

Naomba hoja zenu, za dini, za sheria na za utu.

Mchangiaji wa pili, Lamu

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwa upande wa dini, kumfundisha mbwa kuwinda hakukatazwi: aya ya 4 ya Suratul Maida inaruhusu kula kilichokamatwa na wanyama waliofundishwa, madhali jina la Mwenyezi Mungu limetajwa, na hadithi ya swahaba Adiy bin Hatim inaongeza kwamba mbwa akikila kile alichokikamata, sisi tusikile, kwa kuwa amejikamatia mwenyewe. Hapa ndipo mbwa wako anapotatiza mambo. Yeye hakamati. Akiashiria kisha mtu akapiga, suala la uhalali wa nyama linamhama mbwa na kuigeukia risasi, na katika risasi wanavyuoni wana maneno marefu. Na iwapo atatumwa kumleta ndege mdomoni, basi sisi Mashafii tunashika kauli kwamba pale palipoguswa na meno yake paoshwe mara saba, moja kwa udongo.

Hata hivyo ruhusa ya kumfuga mbwa inafuata haja yake: uwindaji, mifugo, mazao na ulinzi. Haja ikiondoka, ruhusa nayo hulegea. Wewe unamfundisha kuwinda mahali pasipowindwa. Hiyo ni haja gani?

Mchangiaji wa tatu, Lamu bara

Mimi sitaki kuzungumzia kizimba wala najisi, nataka kuzungumzia watu. Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, waliishi kwa kuwinda na kurina asali katika misitu ya huku tangu mababu. Mwaka 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji, riziki yao iligeuka kosa kwa siku moja, ilhali kupiga ndege kwa burudani kuliendelea kwa vibali miaka mingi baadaye, na wenye uwezo wa kulipia vibali hawakuwa Waaweer. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ndiyo iliyokataza uwindaji wa michezo na wa burudani kwa jumla. Leo Mwaaweer akionekana kichakani na mbwa wake mwembamba ataulizwa anatafuta nini, hata kama anatafuta mzinga. Mbwa wa Mwitaliano anaitwa mwanafunzi. Sisemi kwamba mwanzisha mada ana nia mbaya, bali namwuliza iwapo anadhani alfajiri zake zingevumiliwa kama asingekuwa na tajiri nyuma yake.

Mchangiaji wa nne, Malindi

Ninaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na naomba tuwatazame ndege wenyewe. Mbwa hawa walizalishwa kwa ajili ya ndege wanaobana chini wakaribiwapo, kama tombo. Kwale wetu hukimbia, na kanga ndio zaidi: mbwa atasimama, na kufikia unapomkuta, ndege yuko mita hamsini mbele chini ya kichaka cha miiba. Mbwa mchanga anayezoea kufuata nyayo za wakimbiao hulegea, hasimami tena imara, na huko kulegea ndiko kunakomfikisha kwenye kiota.

Ila haja aliyoiuliza ndugu wa Lamu ipo. Huko Uskoti mbwa wa kuashiria hutumiwa kuhesabu ndege wa nyikani bila ya kufyatua risasi hata moja. Huko Nyuzilandi, katika miaka ya 1890, Richard Henry alikuwa akiwatafuta kasuku wa kakapo kwa mbwa aliyefungwa mdomo, ili awahamishie kisiwani waokoke, na mpaka leo nchi hiyo ina mbwa waliofuzu kazi ya kutafuta ndege adimu. Hao hawaingii porini bila ya kibali, na mtihani wao ni mgumu.

Mchangiaji wa tano, Malindi

Swali dogo tu kwa mwanzisha mada: je, unatumia mshipi wa umeme, ule wa shingoni unaomshtua mbwa anapokosea? Wales waliupiga marufuku mwaka 2010, na ukiutumia, yote uliyosema kuhusu upole nitayaweka kando.

Mwanzisha mada, Malindi

Siutumii, na tajiri hajauagiza. Mbwa anayeumia wakati harufu ya ndege iko puani huenda akadhani ndege ndiye aliyemwumiza, na kesho yake akamkwepa.

Kwa ndugu wa Lamu bara sina jibu la kujitetea. La, nisingevumiliwa. Nimelitafakari kwa siku mbili, na naona kwamba kukaa kwangu ndani ya ua wa shamba la tajiri kumenifanya nisahau kwamba ua huo ndio kibali changu.

Kuhusu haja, nakubali kwamba sina ninayoweza kuitaja leo. Kuhesabu kwale ningependa, lakini kwa kazi hiyo lazima niombwe na wenye mamlaka ya msitu, wala haifai nijipe mwenyewe. Mpaka hapo nitaendelea na njiwa ndani ya ua. Matembezi ya kichakani nje ya shamba, ambayo sikuyataja mwanzoni na ambayo ndiyo jirani yangu aliyoyaona, nimeyaacha tangu juzi. Mbwa mdogo bado husimama langoni alfajiri, mguu umekunjwa, pua ikielekea nje.