Jumamosi: Kidichi, Mtoni na Maruhubi

Bi Rahma: Asalaam aleykum jamani. Watoto wanataka kupelekwa kwenye majumba ya kale ya masultani hapa Unguja Jumamosi. Tuko 12, na bibi yumo. Tuanzie Maruhubi au Mtoni?

Ami Suleiman: Waaleykum salaam. Msianzie popote kati ya hapo. Nendeni moja kwa moja hadi Kidichi, halafu mrudi mkishuka: Mtoni, Maruhubi, mjini. Mkianzia Maruhubi mtafika Kidichi juani, watoto washachoka, na Kidichi ndiko kuliko na jengo zima la kutazama. Kwengine ni magofu.

Khadija: Shikamoo ami. Tupande gari gani?

Ami Suleiman: Marahaba mwanangu. Gari za abiria za Bububu, namba 502, mnashuka njia panda ya Bububu. Pale hadi kwenye hamamu, yaani bafu la kale la Kidichi, ni kama kilomita 3 kuelekea mashariki, njia ya kupanda. Kijana anatembea, bibi hawezi. Kwa watu 12 kodini gari ya kutwa, na mtaje vituo vyote vitatu na saa za kusubiri kabla ya kuondoka. Asiyetaja mapema huongezewa bei akishafika Kidichi, na huko huna pa kupatia gari nyingine haraka.

Mjomba Khamis: Chukueni vitambulisho pia. Mwenyeji na mgeni hawalipi kiingilio kimoja. Na daini risiti.

Bi Rahma: Hiyo Kidichi ni ya nani hasa? Watoto watauliza.

Mjomba Khamis: Sultani Sayyid Said aliijenga 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Ndiyo maana kuna nakshi za chokaa za ndege na maua ukutani, jambo usilolitarajia kwenye jengo la sultani wa Kiibadhi, madhehebu ya Kiislamu yasiyopenda mapambo mengi. Mwanga unapenya kwenye vitundu vya kuba tu, kwa hiyo wakiingia wasimame kwanza dakika mbili macho yazoee, ndipo watazame nakshi. Tochi ya simu imulikeni kwa ubavu, si kwa kukabili ukuta, la sivyo nakshi haionekani.

Mjomba Khamis: Na wasiguse! Chokaa ile inabanduka. Mawe ya matumbawe yananyonya unyevu na chumvi, chokaa inauacha unyevu utoke. Ukiziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani na plasta inaanguka na jiwe lake. Mkiona kiraka cha kijivu mahali popote siku hiyo, tazameni pembeni yake, mtaona nyufa.

Khadija: Mtoni je? Nasikia hamna kitu.

Ami Suleiman: Hamna kitu kwa asiyejua anatazama nini. Ni kasri kongwe kuliko yote hayo, Sayyid Said alianza kuijenga 1828. Bintiye Sayyida Salme alizaliwa pale 1844, na kwenye kumbukumbu zake anasema waliishi humo zaidi ya watu 1,000. Uani walizurura tausi, mbuni, heroe na paa. Upande wa bahari palikuwa na bendile, baraza kubwa la mviringo, na baba yake akitembeatembea humo. Wasimulieni watoto hayo mkiwa mmesimama uani, si garini.

Ami Suleiman: Waambieni wapime pia upana wa vyumba kwa hatua. Ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi mita 3 hivi. Sultani au mvuvi, boriti ni ile ile.

Bi Rahma: 😂 Na bustani? Bibi anataka kivuli, hana haja na kuta.

Mjomba Khamis: Basi Maruhubi, iwe ya mwisho. Sultani Sayyid Barghash, mwanawe Sayyid Said, aliimaliza 1882, ikaungua 1899. Ghorofa ilikuwa ya mbao, ikaisha yote. Nguzo nene zilizobaki ni zile zilizobeba baraza. Kuna hamamu, kuna mfereji wa maji, na mabwawa ya mayungiyungi. Husemekana ukuta wa bustani aliuiga wa Uingereza, alikozuru 1875. Miembe ipo, mkeka utandikwe hapo.

Khadija: Saa ngapi tuwe wapi?

Mjomba Khamis: Kidichi saa tatu asubuhi. Adhuhuri salini Bububu, na wote waende chooni huko huko, msitegemee choo cha magofuni. Mtoni saa nane. Maruhubi saa kumi, jua likiwa upande wa bahari linazipiga nguzo vizuri kwa picha. Hapo mabwawani shikeni watoto mikono, kingo zinateleza, na mbu huanza mapema.

Bi Rahma: Beit el-Ajaib, lile jumba la maajabu la mjini, tuipitie tukirudi?

Ami Suleiman: Kwa nje tu. Sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, msiwaahidi watoto kuingia.

Khadija: Mvua ikinyesha?

Ami Suleiman: Ikinyesha usiku, ahirisheni. Bibi na tope la Kidichi haviendani.

Bi Rahma: Sawa. Mkeka mimi, maji lita 20 Khadija. Nani ana kiti cha kukunja cha bibi?