Gego la mtoto wa miaka 5 limeoza hadi ndani, ling'olewe au litibiwe?

Mama Nuru:
Wakuu habari za saivi, naomba msaada kwa wenye uelewa na meno ya watoto. Binti yangu ana miaka mitano, gego lake la chini kushoto, lile la mwisho kabisa, limetoboka. Akinywa kitu cha baridi analia, akila nyama inanasa humo, na juzi usiku aliamka kashika shavu ikabidi nimpe panado ndo akalala. Tumeenda kliniki moja hapa mjini, dokta kapiga eksirei kasema uozo umeshafika kwenye kiini cha jino, ile sehemu laini ya ndani yenye mishipa, hapo kuziba kawaida haiwezekani. Kanipa njia mbili: wakate kiini cha juu, waweke dawa halafu wamvishe kofia ya chuma, au waling'oe. Bei ya hiyo ya kwanza wakuu nilikaa chini. Baba yake anasema jino lenyewe la utotoni litadondoka tu, hela yote hiyo ya nini, mama mkwe naye yuko upande wake. Mimi roho inagoma kung'oa ila pia sitaki kuliwa hela kwa jino la kupita. Na hiyo chuma mdomoni shuleni si watamcheka jamani?

Chaurembo:
Ng'oa dada. Sisi tumeng'olewa kwa uzi na mlango na meno yakaota, leo tunatafuna mpaka mifupa. Hawa wa kliniki za mjini wanaangalia pochi kwanza mdomo baadaye.

Tabibu_wa_Kinywa:
Chaurembo hilo la uzi na mlango lilikuwa jino linalocheza, la mbele, limefika muda wake. Hili ni jambo lingine kabisa.

Mama Nuru mi ni tabibu wa meno, sijamwona mtoto kwa hiyo yule aliyemwona ana neno kubwa kuliko langu, ila ngoja nikueleze ili ukienda ujue unauliza nini. Meno ya utotoni yapo 20 na hayadondoki pamoja. Ya mbele yanaanza kutoka kwenye miaka sita hadi nane, lakini gego la mwisho la utotoni, yaani hilo hilo la binti yako, linakaa mpaka miaka kumi, wengine kumi na mbili. Kwa hiyo baba Nuru akisema litadondoka tu yuko sahihi, ila ni baada ya miaka mitano au zaidi, na miaka yote hiyo mtoto anatafunia hapo.

Halafu kuna la pili ambalo watu hawalijui. Akikaribia miaka sita, nyuma ya hilo gego linaota gego la kwanza la ukubwani, linatokea kimya kimya hakuna jino linalodondoka kulipisha, ndo maana wazazi wengi wanadhani ni la utotoni. Hilo jipya likija linaegemea mgongo wa hili la mbele yake. Ukiling'oa sasa hivi, jipya linaota likisogea mbele, linakalia nafasi ya jino lingine ambalo bado liko chini ya fizi, na lile likitaka kutoka halina pa kupita. Linatoka pembeni au linabaki limenasa. Kwa kweli katika meno yote ya utotoni, hili la mwisho kabla ya miaka sita ndo silipendi kabisa kuling'oa. Ungeniambia ni jino la mbele na mtoto ana miaka sita na nusu ningekwambia ng'oa usipoteze hela.

Sasa swali kubwa kuliko bei ni hili, kiini kiko hai au kimekufa? Jino linalouma akila kitamu au baridi halafu maumivu yanaisha, mara nyingi kiini bado kina uhai. Linalouma lenyewe tu, linamwamsha usiku bila kula chochote, hapo ujue kiini kimeshavimba sana na pengine uozo umeteremka hadi kwenye mizizi. Akiwa na kipele kwenye fizi kinachotoa usaha, au jino linacheza wakati umri wake wa kucheza haujafika, kimekufa. Ile ya kukata kiini cha juu inafaa pale tu ambapo kiini cha kwenye mizizi bado kizima. Kuna kipele? Shavu limewahi kuvimba? Ni usiku mmoja tu au kila siku?

Binti Pwani:
Weka pamba yenye mafuta ya karafuu, maumivu yanakata papo hapo. Kwetu wengine wanadondoshea maji ya betri, jino linakufa lenyewe mnapumzika.

Tabibu_wa_Kinywa:
Binti Pwani maji ya betri ni tindikali!! Nimeona mtoto kaja ulimi na fizi vimeungua, jino lenyewe lipo vile vile. Karafuu inatuliza kidogo kweli ila mafuta yake makali yanaunguza fizi laini ya mtoto na hayatibu kitu. Na kabla hajaja wa flajili na amoksilini niseme kabisa, antibayotiki haizibi shimo wala haifufui kiini, ina kazi pale maambukizi yameanza kusambaa, uso umevimba au mtoto ana homa, na hata hapo jino lazima lishughulikiwe. Panado ipimwe kwa uzito wake, na aspirini mtoto asipewe.

Mama Nuru:
Asante sana dokta. Kipele hakuna nimeangalia na tochi, shavu halijavimba, kuamka usiku ni mara moja na siku hiyo alilala na mahindi ya kuchoma kwenye shimo, asubuhi nilimchokoa yakatoka akatulia. Hapo inakuwaje? Na kuna jirani kasema kuna dawa ya kupaka tu uozo unasimama, haina mashine wala sindano, kwa nini hawakunitajia hiyo ya bei rahisi?

Swaleh wa Mvita:
Salaam kutoka Mombasa. Hiyo ya kupaka kijana wangu alipakwa, jino likawa jeusi tititi lakini halijamsumbua mpaka leo. Mwingine dadake yeye aling'olewa gego la chini akiwa na miaka minne, sasa ana miaka tisa na daktari atwambia meno yamesongana upande huo, yataka waya wa kunyoosha meno. Gharama ya waya hiyo ndugu zangu, heri lile jino lingetibiwa.

Tabibu_wa_Kinywa:
Mama Nuru kama ni chakula kilinasa kikagandamiza basi matumaini yapo, ila dokta atajua kwa uhakika akishafungua jino. Anakata kiini cha juu, anakandamiza pamba yenye unyevu dakika chache. Damu ikikata, mizizi ni mizima, anaweka dawa (zamani ilikuwa formokresoli, siku hizi wengi wanapenda MTA, ni kama saruji fulani hivi) anafunga. Damu ikigoma kukata, au akute usaha, au pakavu kabisa hakuna damu, basi mpango unabadilika: ama asafishe mizizi yote ajaze dawa laini ambayo mwili unaweza kuiyeyusha, maana mizizi ya jino la utotoni inatakiwa iyeyuke jino la ukubwani likija, ama hapo ling'olewe kweli. Kwa hiyo muulize mapema, ukifungua ukakuta kibaya utafanya nini na bei itakuwa ngapi. Watu wengi wanagombana na kliniki kwa sababu hili halikusemwa mwanzoni.

Ya kupaka anayosema Swaleh ni silva daiamini floraidi, dawa nzuri sana, Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2021. Inasimamisha uozo na kuugeuza mweusi. Lakini ni ya shimo ambalo halijafika kwenye kiini, ndo maana hukutajiwa. Vile vile ile ya kuchokoa uozo kwa vifaa vya mkono bila mashine na kuziba kwa saruji ya meno, ambayo kwa taarifa yenu ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 80 ikasambaa duniani, nayo ni ya mashimo ambayo bado kiini kiko salama. Hivyo mwombe dokta aangalie na meno mengine yote, likioza gego la kushoto mara nyingi la kulia nalo limeshaanza, na huko ndo utaokoa hela kwa hizo njia rahisi.

Kofia ya chuma inawekwa kwa sababu jino likishakatwa ndani linabaki kuta nyembamba, ukiziba kawaida linapasuka. Ikishawekwa inakaa mpaka jino lidondoke nayo. Kuchekwa hatachekwa, ni gego la mwisho, mpaka acheke sana ndo ionekane.

Chaurembo:
Haya dokta tumekuelewa. Ila si mnaweza kung'oa halafu mkaweka waya wa kushikilia nafasi ya jino mapema, meno yasisogee? Naona ingekuwa nafuu.

Tabibu_wa_Kinywa:
Swali zuri. Waya wa kawaida unashikwa na jino la mbele na kuegemea la nyuma, na la nyuma kwa huyu mtoto bado halijaota. Kuna aina inayoingia chini ya fizi ila ni kazi ngumu zaidi, inataka usafi na kufuatiliwa, na si kila mahali wanaifanya. Hela inarudi kule kule.

Baba Ethan:
La kuongezea kwa mama, siku ya matibabu akishapigwa ganzi mwangalie masaa yale ya mwanzo. Wa kwangu alijitafuna mdomo kwa kuwa hausikii, jioni lipsi imevimba tukadhani ni dawa imemdhuru kumbe kajing'ata. Asile mpaka ganzi iishe. Na usimtishe nyumbani kwa sindano, wengine tunawafundisha watoto uoga wenyewe halafu tunamlaumu dokta.

Mama Nuru:
Nashukuruni sana. Nimempa baba yake simu kasoma yote, kaguna, kasema tuongee na kliniki tulipe kwa awamu. Mama mkwe sijamwambia bado 😅 Swali la mwisho, dawa ya mswaki anayotumia ni ile ya matunda ya watoto, nimesoma pakiti imeandikwa haina floraidi, niendelee nayo?

Tabibu_wa_Kinywa:
Badilisha. Tafuta yenye floraidi, madini yanayokinga jino lisioze, kuanzia 1000 ppm (ndo kipimo chake), inaandikwa nyuma ya pakiti kwa herufi ndogo. Kwa umri wake kiasi cha punje ya njegere, ateme tu, asisukutue na maji mengi. Umswakie wewe mwenyewe hasa usiku, mtoto wa miaka mitano hafiki nyuma kule. Akishaswaki usiku hakuna maziwa wala juisi tena, maji tu. Na kama kabla ya siku ya miadi shavu au chini ya taya ikavimba, akapata homa, akashindwa kufungua mdomo au kumeza, usisubiri miadi, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Ila mko wapi? Kama mko upande wa Arusha na Meru maji ya huko mengi yana floraidi nyingi tayari, hapo kwenye dawa ya mswaki ongea na dokta wenu kwanza.

Mama Nuru:
Tupo Morogoro dokta.

Tabibu_wa_Kinywa:
Basi nunua hiyo ya 1000.