Mjadala: Mji unaolala kando ya mji mkuu, je, ujitawale?

Ndugu aliyeanzisha hoja anataka Entebbe na Wakiso, ambazo zilikuwa miongoni mwa majiji mapya 15 yaliyoidhinishwa na Bunge letu la Uganda mwaka 2020, zipewe hadhi ya jiji bila kuchelewa, na ametutajia Portmore ya Jamaika kama ushahidi kwamba hadhi huleta nafuu. Mfano wake ni mzuri, ila nadhani unamgeuka.

Portmore iko ng'ambo ya bandari ya Kingston, mji mkuu wa Jamaika, kwenye tambarare iliyokuwa na vinamasi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 zilijengwa huko nyumba ndogo za zege, mtaa baada ya mtaa, Independence City, Edgewater, Waterford, na baadaye Greater Portmore, ili kuupunguzia mji mkuu msongamano. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya watu 180,000. Watu walifuata nyumba za bei nafuu, lakini kazi zao zilibaki Kingston, kwa hiyo kila asubuhi mji mzima, kama ilivyo kwetu, unageuka kuwa foleni.

Mwaka 2003 Portmore ilipata manispaa yake na meya aliyechaguliwa moja kwa moja na wananchi. Mwaka 2006, meya akiwa ofisini, barabara mpya ya kuvuka kwenda Kingston ilifunguliwa kwa malipo, na wakazi wakalalamika sana. Asiyetaka kulipa huzunguka kwa Mandela Highway. Barabara hiyo ilikuwa mradi wa serikali kuu, na meya hakuwa na la kufanya. Februari 2025 Bunge la Jamaika lilipitisha sheria ya kuifanya Portmore parishi ya 15 (parishi yao ni kama wilaya), na wapinzani wakakataa, wakidai kwamba mipaka imechorwa kwa hesabu za kura. Ubishi ukawa wa mipaka, wakati shida ya mkazi ni safari.

Mimi ninakaa Kajjansi, kati ya Entebbe na Kampala. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kituoni kuna giza, konda anaita "Kampala, Kampala" huku akigonga bati la taksi, yaani basi dogo la abiria, na abiria wa nne anabanwa kwenye kiti cha watu watatu. Wenye magari madogo hupita barabara ya kasi ya Entebbe hadi Kampala kwa malipo yaliyoanza Januari 2022. Sisi wengine tunasukumana kwenye ile ya zamani. Sikumbuki hata siku moja nikiwa kwenye foleni hiyo nikatamani kibao kipya cha "Jiji".

Sipingi hadhi yenyewe, kwa sababu mji wenye bajeti yake unaweza kusafisha mitaro na kupanga viwanja kabla havijavamiwa. Ninachomwomba ndugu mwenye hoja ni jibu la jambo moja: katika jiji hilo analolitaka, nani atakuwa na kauli juu ya barabara na taksi za kwenda Kampala?