Mjadala: Mwanafunzi wa uzamili ana haki ya kuwahukumu wafu?

Mwana wa Mashamba: Wakuu, naombeni maoni. Tasnifu yangu inahusu Vita vya Majimaji. Msimamizi amenirudishia sura ya nne, amepiga mstari mwekundu chini ya "mbinu ya njaa ilikuwa ukatili" na kuandika pembeni: "Eleza, usihukumu." Mnajua yaliyotokea 1905 hadi 1907: Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, yanaanzia 75,000 ya Wajerumani wenyewe hadi 300,000 ya wanahistoria wa baadaye. Sasa niandike nini? "Chakula kilipungua"?

Tegemeo: Msimamizi yuko sahihi. Onyesha nani alitoa amri, alijua nini, na kama angeweza kuchagua vingine. Msomaji ana dhamiri yake, usimtafunie. Na tuambizane ukweli, tasnifu nyingi za Majimaji siku hizi ni kumhoji babu ambaye vita vilipita hajazaliwa, kisha kunakili za waliotangulia.

Bi Nyaraka: Hapo kwa babu umenigusa pabaya. Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya vita hivi. Bila wazee wale tungebaki na ripoti za maofisa tu, kila Mwafrika humo ama mchawi ama mkorofi. Wewe umewahi kukaa na mzee wa Umatumbi hata siku moja?

Tegemeo: Dada, 1968 si leo. Wakati ule aliyekuwa mtoto vitani bado alikuwa hai. Leo unamhoji mtu aliyemsoma Kinjikitile, yule mganga wa dawa ya maji, shuleni, anakurudishia kitabu kwa lafudhi ya kijijini, nawe unaandika "chanzo cha mdomo".

Bi Nyaraka: Mzee niliyemhoji mimi hakumtaja Kinjikitile kabisa. Alinihesabia koo: hawa walihama na hawakurudi, hawa walibaki na mwanamke mmoja, shamba lile likawa pori. Niambie ni kitabu gani cha shule kina hayo.

Kipara: Hahaha, povu hilo! Mimi nauliza kitu kimoja, Kijerumani mnakijua? Yale mafaili ya Kumbukumbu za Taifa yana mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo anaukodolea macho.

Mtoro wa Darasa: Acheni usomi wa kutishana. Kinjikitile alinyongwa 1906 na sihitaji Kijerumani kujua kwamba alionewa.

Bi Nyaraka: Ni 4 Agosti 1905, kaka. Aliyenyongwa 1906 ni Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni. Tena tarehe hiyo ina uzito: wiki chache tu baada ya pamba kung'olewa kule Nandete, ndipo vita vilipoanza, Kinjikitile hayupo, na vita vikaendelea hadi 1907. Wanaombebesha lawama zote waanzie hapo.

Mtoro wa Darasa: Mwaka mmoja tu umeshapanda mimbari! Nilichosema hujakijibu.

Kipara: Mimi nitambebesha. Tarehe 30 Agosti, kwenye ngome ya Wajerumani Mahenge, watu waliziendea bunduki za rashasha wakiamini risasi zitageuka maji. Aliyeanzisha imani hiyo hana mzigo? Na Askofu Spiss aliyeuawa njiani na wenzake mwezi huohuo, watawa wa kike wakiwemo? Tukihukumu tuhukumu pande zote.

Mtoro wa Darasa: Unapima dawa ya maji na sera ya serikali kwenye mzani mmoja? Shikamoo, Gavana Götzen!

Mwana wa Mashamba: Ndugu zangu, sura ya nne...

Tegemeo: Mpe nafasi Kapteni Wangenheim, ofisa wa Kijerumani, aseme mwenyewe. Ndiye aliyeandika kwamba njaa na dhiki pekee ndizo zingewafanya watu wasalimu amri kabisa. Liweke hilo, fuatisha maghala yaliyochomwa, kisha nyamaza. Mtahini atalisema neno "ukatili" kwa mdomo wake.

Mtoro wa Darasa: Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea Novemba 2023 akaomba msamaha, halafu mwanafunzi wetu aogope neno moja?

Tegemeo: Rais hatetei tasnifu mbele ya jopo.

Mtoro wa Darasa: Wala jopo halikufa njaa.

Kipara: Hili nakupa. Lakini Kijerumani bado hamjanijibu.

Tegemeo: Bi Nyaraka, yule mzee wa koo ulimrekodi, au uliandika kwa kukumbuka jioni?

Bi Nyaraka: Nilimrekodi. Njoo na adabu zako, nitakusikilizisha.

Tegemeo: Naja. Ila nitauliza nani alimsimulia yeye.