Amri ya kufunga kinu bila kutaja sababu: je, ni halali?

Swali: Wenzangu wa Kenya, nimekuta amri imebandikwa mlangoni pa kinu changu cha kusaga mahindi, karatasi moja yenye mhuri, bila sababu wala wito wa kujieleza. Nifanyeje?

Jibu: Pole, ndugu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya mwaka 2015 ya hatua za haki za kiutawala (Fair Administrative Action Act) inaitaka ofisi ikupe notisi na nafasi ya kusikilizwa kabla ya kuamua. Ziombe sababu hizo kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, sheria huchukulia kwamba hawakuwa na sababu ya msingi, mpaka wathibitishe vinginevyo.

Jibu: Naongeza kwamba mahakama haitakusikiliza kabla hujamaliza rufaa za ndani, yaani zile za kiutawala nje ya mahakama, isipokuwa ikusamehe kwa hali ya kipekee.