Naomba ushauri: binti yangu na mitaala miwili hapa Cairo

Habari zenu wapendwa. Naishi Cairo, mume wangu ni Mmisri. Binti yetu wa miaka 9 anasoma shule ya kimataifa yenye mtaala wa Uingereza, ila kwa kuwa ana uraia wa Misri, lazima asome pia Kiarabu, dini na maarifa ya jamii. Habari za mafarao anazipenda mno, anatusimulia mpaka mezani. Kinachomtesa ni Kiarabu: nyumbani tunaongea cha mtaani, daftari linataka fus-ha, yaani Kiarabu sanifu cha vitabuni. Juzi nimemkuta kalala juu ya daftari, penseli bado mkononi, nikaumia sana. Baba yake anataka tumwekee mwalimu wa tuisheni. Mimi naona mtoto atazidiwa. Mliolea watoto huku, mlifanyaje? Na Kiswahili nimfundishe saa ngapi?